Maswali ya Wasomaji: Nijifunze Urubani kwa Ndege Gani, na Chuo Kipi?

SWALI: Assalaam alaikum, Mhariri. Nimemaliza kidato cha nne hapa Malindi na wazazi wamekubali kunisomesha urubani. Chuo kimoja cha Nairobi kina ndege mpya zenye skrini badala ya saa za mishale, na hupunguza karo kwa anayelipa yote kwa mkupuo. Kingine kina Cessna 172 kuukuu. Nichague kipi? – Msomaji, Shella, Malindi

JIBU: Waalaikum salaam, mwanangu. Kwanza kapimwe afya na daktari aliyeidhinishwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, uombe cheti cha afya cha daraja la kwanza kinachodaiwa kwa leseni ya biashara, yaani ya kurusha ndege kwa malipo, maana ni heri tatizo la macho lijulikane kabla wazee hawajauza shamba.

Ukuukuu wa ndege usikutishe. Cessna 172 ilianza kuuzwa mwaka 1956, na iliyotunzwa vizuri hufundisha vizuri; skrini utazizoea baadaye. Zingatia zaidi mahali utakaporukia. Uwanja wa Wilson wa Nairobi uko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, kwa hivyo injini hupungukiwa nguvu na ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka kuliko huku kwetu Malindi au Manda, Lamu. Cessna 152 ya viti viwili, yenye nguvu za farasi 110, ikibeba watu wazima wawili na mafuta wakati wa jua kali, hupanda pale kwa taabu.

Linalonitia wasiwasi hasa ni hilo punguzo. Leseni ya biashara hudai saa 200 za kuruka, au 150 katika kozi iliyoidhinishwa, na anayezitafuta mara nyingi hukwama kwa sababu ndege iko karakana ikingoja kipuri, huku karo yake yote imekwisha kupokelewa. Nenda siku ya kazi, asubuhi mapema, uhesabu ndege zinazoruka, si zilizoegeshwa. Uliza ukaguzi wa saa 100, yaani ule wa kila ndege ikimaliza saa 100 za kuruka, ulifanyika lini na uoneshwe kumbukumbu zake. Kisha mwombe mwanafunzi mmoja akufunulie daftari lake la safari, utazame tarehe tu: zikifuatana kwa siku mbili tatu, ni dalili njema, ukiona mwezi mzima mtupu, muulize kwa nini.

Lipia saa kumi kumi za kuruka, kwa risiti na mkataba unaoeleza fedha zitarudishwaje ukiondoka. Chuo kinachokataa hayo, hata ndege zake ziwe mpya namna gani, mimi nisingempeleka mwanangu.