Kabla hujaiuza ndege uliyoijenga mwenyewe

Msomaji mmoja ameniandikia: ndege yake imekamilika, mnunuzi amepatikana, sasa anataka kujua aiuze bei gani. Hongera, ndugu yangu. Mimi pia nilianza na bei.

Yangu niliijenga miaka sita. Ya viti viwili, ribiti kwa ribiti, na sioni haya kusema ilitoka nzuri. Waliokuja kuitazama walipapasa bawa wakanyamaza. Kosa lilikuwa moja. Koki ya mafuta, ile ya kuchagua injini inyonye tangi lipi, niliifunga kinyume: mpini ukielekea kushoto, injini inanyonya tangi la kulia. Niliona siku ya kwanza ya majaribio, nikasema nitarekebisha wikendi. Wikendi zikapita, mkono ukazoea.

Rafiki yangu alipoinunua nilimwambia kwa mdomo, tena tukiwa tunahesabu pesa. Akaitikia. Safari yake ya nne, injini ilizima akiwa bado anapanda. Walioona wanasema aligeuza arudi uwanjani, kasi ikamwishia, bawa moja likalala, ikaenda chini. Tangi moja lilikutwa na mafuta tele.

Kinachoniuma ni kwamba kisa cha John Denver nilikuwa nakijua, hata nakisimulia kwa watu. Mwanamuziki yule alikufa tarehe 12 Oktoba 1997 huko Monterey Bay, California, ndani ya Long-EZ, ndege ndogo ya kujengwa nyumbani, aliyokuwa ameinunua karibuni. Aliyeijenga aliiweka koki nyuma ya bega la kushoto, tofauti na michoro ya Burt Rutan, aliyeibuni ndege hiyo. Kuifikia lazima rubani ajipinde kitini. Denver alikuwa na zaidi ya saa 2,700 angani. Nilikuwa nikimcheka yule mjenzi.

Basi sikilizeni, nyinyi wenye mikono ya dhahabu. Unachokijua wewe peke yako kuhusu ndege yako ni kasoro, usikiite siri ya fundi. Kirekebishe. Kama hakirekebishiki, kiandike palepale kwa herufi kubwa. Mkalishe mnunuzi kitini, mfunge kitambaa machoni, aguse koki, ataje tangi. Akikosea, hakuna kuuza. Na mwambie injini ikizima akiwa angani lakini bado karibu na ardhi, ashushe pua, atue mbele popote panapotulika. Asigeuke! Mimi hili nalo sikulisema, nilidhani rubani yeyote analijua.

Mjane wake hapokei simu zangu.

Kuhusu bei tutaongea. Kwanza nitumie picha ya koki yako, mpini uonekane.