Shule ilitufundisha kukimbia mimba, haikutufundisha kuwa baba

Kijana mmoja anayesoma chuo pale Nyegezi, hapa Mwanza, ameniandikia wiki hii. Mchumba wake amemwambia ana mimba, naye akazima simu. Anasema: "Kaka, siyo kwamba simpendi. Nikifikiria kuitwa baba nahisi kama natafutwa na polisi."

Nilicheka kwanza, halafu nikanyamaza. Hofu hiyo naijua. Mimi ilinishika nikiwa na ndoa halali, mshahara na vyumba vya kupanga Buhongwa. Mke wangu alishangaa sana: mtu mzima anapewa habari njema, badala ya kushukuru Mungu anatokwa jasho.

Wengi mtasema ni utoto, au vijana wa siku hizi. Mimi nasema tulifundishwa, tena shuleni.

Nimesoma sekondari huko Sengerema mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mada ya uzazi ilikuja kidato cha tatu kwenye Baiolojia. Tulichora mfuko wa uzazi, tukaweka vishale na majina, nikapata alama nzuri. Hata leo nipe chaki nikuchoree. Ila somo lenyewe la kuzaa tulilipata mstarini. Mwalimu wa nidhamu alikuwa akisimama mbele na fimbo yake, anawageukia wavulana: ukimpa mwanafunzi mimba, mvua 30, yaani miaka 30 jela. Basi, somo limekwisha, ingieni madarasani. Na sheria ilikuwa upande wake. Ile ya makosa ya kujamiiana ya 1998 iliweka miaka 30 kwa ubakaji, na binti aliye chini ya miaka 18 hata akikubali, kukubali kwake hakuhesabiki. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu nayo ikarekebishwa, kumpa mwanafunzi mimba kukawa na kifungo chake cha miaka 30. Siipingi hata kidogo. Nina mabinti wawili, nitaipingaje? Ninachosema ni kwamba katika miaka yote ya shule, hilo lilikuwa karibu neno pekee tuliloambiwa kuhusu sisi na watoto tutakaowazaa.

Wasichana walikuwa na la kwao. Shule zikifunguliwa waliitwa kupimwa mimba, mmoja mmoja, sisi tunachungulia dirishani na kucheka. Muhula mmoja msichana niliyekaa naye dawati moja hakurudi darasani. Hakuna aliyetuambia kitu, na hakuna aliyeuliza. Baadaye nilimwona Busisi kivukoni, enzi hizo daraja hakuna, anauza samaki wa kukaanga na mtoto mgongoni. Aliyempa mimba tulimjua wote, alikuwa anakaa nyuma yetu. Kwao walimhamishia kwa mjomba Geita na akamaliza kidato cha nne kama kawaida. Darasa zima tukaelewa, bila mwalimu yeyote kufundisha, kwamba mimba ni ya msichana na mvulana mwenye akili anahama.

Sasa mtu asiniambie kijana wa Nyegezi kazima simu kwa sababu hana adabu. Kafanya alichokiona.

Nyumbani nako nisingejifunza mengi. Baba alikuwa mvuvi wa dagaa visiwani Ukerewe. Wa kanda hii mnajua, dagaa wanavuliwa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika. Sisi watoto tulijua baba anakaribia kurudi kwa kutazama mwezi. Alikuja na dagaa, sukari, wakati mwingine viatu, anakaa siku chache, mwezi ukipungua anarudi mwaloni. Simlaumu marehemu, tulikula na tukasoma. Ila sikuwahi kumwona akimbeba mtoto anayelia.

Na hapa niseme jambo ambalo sijawahi kuandika. Mwalimu mmoja aliwahi kunisimamisha mbele ya darasa, nimechelewa ada, akasema watoto wa wavuvi hawafiki popote, watazaa kabla ya mtihani. Darasa likacheka. Huyo mwalimu natamani siku moja tukutane pale stendi ya Nyegezi nimwoneshe picha za binti zangu wakipokea zawadi shuleni. Nilimaliza kidato cha nne, nikamaliza cha sita, nikaenda chuo, na nilizaa nilipotaka mimi na mwenzangu. Wenzangu wengine aliokuwa akiwasifia siku ile, nikiwataja watoto wao wanalelewa na bibi, tutagombana.

Turudi kwenye mada.

Baada ya fimbo, shule ilikuwa na wimbo wa pili: soma kwanza. Maliza shule, pata kazi, jenga, ndipo uzae. Ushauri mzuri kabisa, umewasaidia wengi, hasa dada zetu. Wanawake waliofika sekondari huzaa wachache kuliko ambao hawakusoma, hilo halina ubishi. Shida ni kwamba mtoto aliwekwa mwisho wa orodha kama adui wa vyote vilivyotangulia. Na kazi zenyewe mnazijua. Matokeo yake nina rafiki zangu wenye shahada, miaka 38, bado wanasema hawako tayari, huku vijana waliotoka shule mapema wanazaa bila kuulizana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta wasichana 22 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata ujauzito. Kwa hiyo hata huko kutishana hakukuzuia kilichokusudiwa kuzuiwa.

Mimi kilichonisaidia ni kliniki ya wajawazito. Hudhurio la kwanza wanataka mje wawili, mpime wote, mfundishwe pamoja. Nilikwenda nikitetemeka. Kwenye benchi walikuwepo wanawake wengi na wanaume tunahesabika, maana waliokuja bila wenza walikuwa na barua kutoka serikali ya mtaa kueleza kwa nini mwanaume hayupo. Hebu fikiria, mtaa unamwandikia barua mtu wa kukimbia! Nesi akaniuliza swali ambalo hakuna mwalimu aliwahi kuniuliza: "Baba, mama akijifungua usiku, umepanga usafiri gani?" Sikuwa na jibu. Jioni ile nikatafuta namba ya dereva wa bajaji jirani, nikaanza kuweka akiba, na jasho likakauka. Nilikuwa na kazi ya kufanya.

Mtoto alipozaliwa nikapewa likizo ya sheria, siku 3. Mama ana 84, akizaa mapacha 100, baba 3. Nikaongeza na likizo yangu ya mwaka. Nilimwogesha mwanangu mwenyewe, nikafua nepi, nikazianika nje mchana kweupe, majirani wakasema nimelishwa limbwata. Waseme.

Kwa hiyo wewe kijana, na wengine mnaonisoma kimyakimya: piga simu leo. Nenda naye kliniki mapema, usisubiri tumbo lionekane. Waambie wazazi wake wewe mwenyewe kabla hawajasikia kwa mtu. Hela huna, najua, sema huna, lakini uwepo. Masomo yake yasife. Kama hata sekondari tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani, chuo mnashindwa nini? Panga nani anabaki na mtoto siku ya mtihani wake, na siku nyingine uwe wewe.

Na ninyi wazazi wenzangu, msiwaachie walimu kazi hii. Mtoto wa kiume akae na mdogo wake, ambebe, amlishe, ajue homa inavyoanza. Ongeeni naye kuhusu kulea, siyo jela tu. Mkimtishia, mmemfundisha kukimbia. Muongee, muongee tena, hata akiona aibu.

Mimi nilijaribu kulisema kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa mabinti zangu. Niliomba mwalimu wa ushauri akizungumza na wasichana, wavulana nao wawe na siku yao, na mababa wachache tuje kuwaeleza tulivyolea. Mwenyekiti akaniambia niiweke kwenye mengineyo. Tulipofika mengineyo, ilikuwa saa nane, watu wanataka kuwahi daladala. Kikao kingine ni mwezi ujao na safari hii nimeomba kwa barua liwe ajenda kamili. Baba yeyote wa Buhongwa mwenye mtoto pale, tuwe wengi.