Mifupa kwenye pango la shambani: usiiguse kwanza

Ndugu, nimekuelewa: mlikuwa mkichota mbolea ya popo pangoni huko Kilifi, jembe likagonga mifupa, na sasa vijana wanataka kuifukua yote. Wazuie leo hii.

Kaunti hiyohiyo yako, katika pango la Panga ya Saidi, lilipatikana kaburi la mtoto wa takriban miaka 3, la miaka 78,000 iliyopita. Mifupa ilikuwa laini mno, ikitaka kusagika kuwa vumbi, hivyo wataalamu walitoa bonge zima la udongo likiwa limefungwa kwa plasta. Waliyoyajua baadaye yalitokana na jinsi mifupa ilivyokaa: mtoto alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani, kiwiliwili kimeviringishwa sanda, kichwa kikiwa juu ya kitu kama mto ambacho kilioza. Ukiinua mfupa mmoja tu, habari kama hizo zimepotea kabisa.

Kwa hiyo piga picha ukiweka kalamu kando kuonyesha ukubwa, usioshe chochote, kisha toa taarifa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Sheria inakutaka uripoti. Mifupa ikionekana mipya, au ina nguo, anza na polisi. Wazee wa kaya, yaani wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda, nao waambie mapema, huenda ni mahali pao pa matambiko.

Halafu hilo pango lenyewe, msiingie bila barakoa na glavu. Vumbi la kinyesi cha popo huleta ugonjwa wa mapafu. Mwenye homa au kikohozi aende hospitali na aseme alikuwa pangoni.