Mama amepatikana na moyo umepanuka, si lazima mumtoe hospitali ya mtaa

Dada uliyeuliza kuhusu mamako, kwamba hospitali ya hapo Umoja imempata na moyo umepanuka ikamuanzishia dawa, na sasa familia imegawanyika, wengine wanataka apelekwe hospitali kubwa za Upper Hill na mjomba anasema mchange aende India, pole sana. Mimi nauguza mzee wangu na shida hiyo hiyo, tuko upande wa Kayole, na maoni yangu ni msimhamishe. Kliniki yake ibaki hapo karibu, huko kukubwa aende kwa kazi maalum alafu arudi.

Kwa nini nasema hivo, ni juu moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri hautibiwi siku moja na daktari mmoja mashuhuri. Unatibiwa na mtu anayemwona mgonjwa mara kwa mara. Zile dawa kama enalapril na carvedilol huanzwa dozi ndogo, baada ya wiki mbili hivi anarudi anapimwa presha, damu inaangaliwa figo na potasiamu, kama iko sawa dozi inaongezwa kidogo, tena anarudi, na hiyo inaweza kuchukua miezi. Sasa mama amevimba miguu na pumzi inakatika, umpandishe matatu mbili na jam ya Jogoo Road, apange laini tangu asubuhi, mwezi wa kwanza ataenda, wa pili ataenda, wa tatu atakwambia anasikia nafuu wacha apumzike nyumbani. Mzee wangu alikua anaruka tarehe hivo hivo tulipokua tunampeleka mbali. Alipohamia hospitali ya karibu akatulia, na klinikal ofisa wa pale akamzoea kabisa, ndiye aliyeshtuka na kikohozi kikavu ambacho sisi wote tulidhani ni baridi ya Julai, kumbe ni enalapril inaletea watu wengine hivo, wakaongea na daktari wa moyo akawekwa losartan kikaisha.

Hapo uliza kitu kimoja cha maana sana: daktari wa moyo huja siku gani? Hospitali nyingi za mitaa huwa na spesholisti anayekuja siku fulani ya wiki ama ya mwezi. Kama hakuna kabisa, angalau kuwe na mmoja wanayempigia.

Kitu ambacho usikubali kuachiliwa ni eko, ile skani ya moyo. Kusema tu moyo umepanuka juu ya eksirei haitoshi. Eko itaonyesha EF, yaani kila pigo moyo unatoa asilimia ngapi ya damu iliyo ndani, mtu wa kawaida ni 50 kwenda juu, ikiwa 40 ama chini nguvu imepungua na ndio zile dawa zinasaidia zaidi. Tena inasaidia kutafuta chanzo. Kuna wale presha imewakalia miaka bila kutibiwa, kuna waliopata shambulio la moyo, na hapa kwetu kuna wengi ambao valvu, ile milango midogo ndani ya moyo, iliharibika tangu utotoni kwa sababu ya homa ya baridi yabisi iliyotokana na koo kuuma bila kutibiwa. Ikiwa ni valvu imeharibika vibaya hapo sasa itisha barua ya rufaa, Kenyatta na Mater ya South B wanafanya upasuaji wa moyo hapa hapa Nairobi, kwa hivyo kabla ya mchango wa India muulize kwanza hapa. Na SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ulizia kwa dawati kabla ya kipimo chochote ujue wanalipa nini na nyinyi mtaongeza nini, usingoje bili.

Nyumbani ndio kazi kubwa iko. Nunueni mizani, mama ajipime kila asubuhi akishatoka choo kabla ya chai, aandike kwa daftari. Akiongeza kama kilo mbili ndani ya siku tatu hayo ni maji sio mafuta, piga simu hospitali siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Chumvi punguza, na ujue ile kyubu na mchuzi miksi tunaweka kwa sukuma ni chumvi pia. Na tafadhali sana, akiumwa na magoti msimnunulie Brufen wala diclofenac kwa duka la dawa, hizo zinashikilia maji mwilini na kuumiza figo, watu wengi wa moyo wanarudi wodi kwa sababu hiyo tu. Panadol ni salama zaidi. Kama anatumia amlodipine ya presha miguu inaeza kuvimba kwa ajili ya hiyo dawa, kwa hivyo muulize daktari, lakini msiikate wenyewe.

Mguu mmoja tu ukivimba na kuuma kwa shavu la mguu, ile nyama ya nyuma chini ya goti, hiyo ni habari nyingine, inaeza kuwa damu imeganda kwa mshipa na inaeza kupanda mpaka kwa mapafu, nendeni siku hiyo afanyiwe doppla, ile skani ya mishipa ya damu. Na kama mashavu ya miguu yanamkaza akitembea mpaka asimame ndio yaache, hasa akiwa na sukari, waambie walinganishe presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Kipimo rahisi. Ya kifundo ukigawa kwa ya mkono, ikitoka chini ya 0.9 mishipa ya miguu imeziba kiasi.

Alafu dharura. Kifua kikibana dakika zinapita, jasho jembamba, maumivu yanaenda mkono ama taya, msivuke jiji kutafuta jina kubwa. Nendeni penye ECG karibu, ile mashine ya kupima umeme wa moyo. Mtu akifika anafaa apimwe ndani ya dakika 10, na kama hana mzio wa aspirini wala hatoki damu mahali atafune 300 mg ya aspirini. Kama mshipa wa moyo umeziba kabisa kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inatolewa ndani ya saa 12 na mapema ndio bora, ama anakimbizwa na ambulensi penye wanaweka stenti, kale kamrija ka kufungua mshipa. Kwa hivyo wiki hii ukiwa umetulia pitia pale casualty uwaulize waziwazi: ECG inafanya usiku? Hiyo dawa mnayo? Mkikosa mnapeleka wapi na ambulensi ni ya nani? Mimi niliuliza, sista aliyekua zamu akanijibu vizuri sana na akaniandikia namba ya casualty, iko kwa mlango wa friji mpaka leo.

Picha zote, ECG za zamani na orodha ya dawa weka faili moja, ECG ya zamani inamsaidia daktari wa usiku kujua ni kitu kipya ama ni kile cha kawaida yake. Ukipata ripoti ya eko andika hapa EF na majina ya dawa zake na dozi, jina la mama usiweke, nikuambie sisi tulipitia wapi na hizo.