Dinozori za mufuko ya simenti: mbele ya kukunja, kamata rula

Batu banaona foto za maonyesho yetu ya wanyama wa zamani wa kukunja na karatasi mu telefone kisha bananiuliza swali moja tu: tantine, ile tirexi unaikunja namna gani? Nabajibu vilevile kila siku: kukunja utajifunza tu, hata mutoto wa myaka nane anajifunza. Shida inakuya siku yenye unataka kupanga wanyama makumi mu sale moja, batu bapite, basimame, batoke na kitu mu kichwa. Pale njo nilianguka mara ya kwanza.

Ilikuwa hapa Lubumbashi, mu sale yenye tuliazima ku parokia. Siye na batoto kumi na mbili wa kartye tulikata karatasi zote kipimo kimoja, sentimita 20 kwa 20, juu njo karatasi yenye tulikuwa nayo, tukakunja triseratopsi (dinozori ya pembe tatu), mamuti (tembo ya manyoya ya zamani), pteranodoni (yenye kuruka), trilobiti (kanyama ka bahari ka magamba), na bintu byote bikatoka sawa na ngumi. Tukabipanga ku meza na kitambaa ya kijani, nikaona muzuri kabisa, nikajipongeza. Kamutoto kamoja kakasimama mbele ya trilobiti, kakaiangalia sana, kakaniuliza: «Tantine, hii kaa njo ilikuwa inakula ile tembo ya manyoya?» Nilicheka, lakini usiku sikulala muzuri. Kamutoto hakakukosea, meza yangu njo ilikadanganya.

Basi tokea pale, mbele ya kuchagua munyama nachagua eshele. Yetu ni 1 kwa 40, ni kusema sentimita moja ku meza ni sentimita 40 ya kweli. Jirafatitani, ile dinozori ya shingo murefu yenye Wajerumani balichimbua Tendaguru kusini ya Tanzania kati ya 1909 na 1913, mifupa yake imesimama mu muze ya Berlin na kimo cha mita 13.27, kwetu inakuwa sentimita 33. Tirexi ya mita 12 toka pua mpaka mukia, sentimita 30. Mamuti ya mita 3 ku bega, saba na nusu tu. Na velosirapta, yenye batoto bote banaogopa juu ya filme, kimo chake ku nyonga kilikuwa nusu mita, kama bata mzinga, tena na manyoya ya ndege, kwa hiyo inabakia sentimita moja na kidogo! Kuikunja niliomba batoto ba vidole vyembamba, mimi miwani yangu ilikataa. Kando ya kila munyama weka kamutu ka karatasi ka sentimita 4 na kidogo. Kale kamutu njo kanafanya kazi yote, batu banainama banajitafuta pale.

Sasa karatasi ya ukubwa gani? Usikisie. Kunja kwanza mufano mu karatasi ya kaye, pima yenye ulianza nayo na yenye ilitoka. Kama karatasi ya 20 inakupa munyama wa 8, na unataka wa 30, basi 30 gawa kwa 8 mara 20, inakuwa 75. Hesabu ya shule ya musingi, lakini batu mingi banairuka kisha banashangaa tirexi yao inatoka sawa na mujusi.

Karatasi ya 75 kwa 75 ya rangi sikuipata soko, na yenye nilipata bei yake ilinifukuza. Njo tukafikia ku mufuko ya simenti. Angalia iwe ile ya karatasi, hapana ya plastike. Unaipasua ku gundi, unatupa tabaka ya ndani yenye ilishika simenti, yenye inabakia ni karatasi ya kahawia ya nguvu, inakubali kukunjwa mara mingi bila kupasuka. Kung'uta inje ya nyumba na kitambaa ku pua, simenti inakula mikono na macho, batoto basiguse mpaka umalize. Kisha pangusa na kitambaa yenye maji kidogo, piga pasi yenye haina moto mingi. Maandishi ya kiwanda geuza ndani. Hata hivyo stegozauri yetu moja iko na «50 KG» ku tumbo, tuliiacha, batu banaipenda.

Kwa munyama mukubwa kunja mubichi. Mujapani Akira Yoshizawa (1911–2005) njo alileta ile namna: unalowesha karatasi kidogo sana, kama shavu yenye jasho, unakunja, unaumba mugongo na mapaja na vidole, unafunga na vibanio vya nguo mpaka ikauke. Inabakia ngumu kama ngozi. Ukikunja kavu, mu mwezi ya mvua miguu inafunguka pole pole, asubuhi unakuta jirafatitani imelala.

Mimi niliongeza ujanja wangu, nikapaka koli ya bunga ya mihogo ili ikamate zaidi. Usifanye! Mende bilikula pembe za mamuti usiku mbili, ya kushoto yote na ya kuume nusu. Koli ya bunga kwa mende ni bukari.

Kitu yenye iliniletea batu kuliko tirexi yenyewe ni kamba. Tulivuta kamba ku ukuta, sentimita moja ni myaka milioni moja, mwanzo wa kamba ni leo. Mwisho ya dinozori, na tirexi ndani, iko ku sentimita 66. Jirafatitani iko ku mita moja na nusu, sasa pima mwenyewe: toka jirafatitani mpaka tirexi ni mbali kuliko toka tirexi mpaka siye. Trilobiti za mwisho ziko ku mita 2.52, karibu na mulango. Kisha batoto bananiuliza mamuti tunaiweka wapi. Mamuti za mwisho zilikufa myaka kama 4,000 imepita, ku kisiwa Wrangel kule kaskazini ya Urusi, ku kamba yetu haifiki hata nusu ya unene wa karatasi ya fotokopi. Na mufupa wa Ishango, ule wa michoro wenye ulipatikana 1950 kule muto Semliki inatokea mu ziwa Edward, myaka kama 20,000, ni karatasi mbili. Papa mumoja alishika karatasi mbili kati ya vidole, akaangalia kamba mpaka mulango, akanyamaza.

Ku etiketi andika jina, eshele, wapi ilipatikana, na jina ya mutu mwenye alibuni ule mukunjo, juu mukunjo iko na mwenyewe kama wimbo, omba ruhusa. Andika pia pteranodoni na mamuti si dinozori, kama hapana mutu mumoja atakuya kukubishia mbele ya batu.

Taa: weka chini na ya pembeni. Hiyo tulijifunza siku moto ilikatika, tukawasha telefone ku meza, kivuli ya tirexi ikapanda mpaka ku plafo.

Sasa tunatayarisha maonyesho ingine na mifuko iko inaisha. Kama uko unajenga upande wa Ruashi ao Katuba, tafazali usiichome, tutakuya kukamata sisi wenyewe na pusipusi.