Isaya alisema "masikitiko", Mathayo akasema "magonjwa": nani yuko sahihi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Mama yangu anaumwa kwa muda mrefu. Mtumishi mmoja alimwambia kwamba Isaya 53 imeshamaliza habari ya magonjwa, kwa hiyo akibaki mgonjwa ni imani yake haijatosha. Nikaenda kusoma mwenyewe. Isaya 53:4 inasema "ameyachukua masikitiko yetu", lakini Mathayo 8:17 akinukuu anasema "magonjwa yetu". Je, Mathayo alibadilisha?

JIBU: Ameni, dada yangu. Pole kwa kumuuguza mama, na hongera kwa kwenda kusoma mwenyewe.

Mathayo hakubadilisha kitu. Neno la Kiebrania lililotafsiriwa "masikitiko" linatokana na "holi", yaani ugonjwa. Ndilo hilo hilo katika Isaya 38:9, mfalme Hezekia alipopona ugonjwa wake. Na "huzuni" inayofuata katika Isaya 53:4 ni neno la maumivu, hata ya mwili; Ayubu 33:19 inalitumia kwa mtu anayeumwa kitandani. Wayahudi waliotafsiri Isaya kwa Kiyunani kabla ya Kristo waliandika "dhambi zetu" mahali pa "masikitiko yetu". Mathayo aliandika Kiyunani, lakini hapa hakuifuata tafsiri hiyo. Maneno yake yako karibu zaidi na Kiebrania. Kwa hiyo kati ya wote, yeye ndiye aliyeshika ugonjwa kama ugonjwa.

Sasa tazama ameuweka wapi mstari huo. Yesu yuko Kapernaumu, nyumbani kwa Petro. Mama mkwe wa Petro amelala ana homa. Yesu anamgusa mkono, homa inamwacha, mama anainuka na kuanza kuhudumia wageni (hata kupumzika kidogo hakupumzika!). Jioni wanaletwa wengine wengi, naye anawaponya. Hapo ndipo Mathayo anasema neno la Isaya limetimia. Msalaba bado uko mbali. Kwake, unabii unatuonyesha huyu mponyaji ni nani: ni yule Mtumishi wa Mungu aliyenenwa katika Isaya 53. Yohana Mbatizaji alipouliza kutoka gerezani kama Yesu ndiye yule ajaye, Yesu alimjibu kwa namna hiyo hiyo: vipofu wanaona, viwete wanakwenda, viziwi wanasikia. Ni maneno yanayomrudisha msikilizaji kwenye Isaya 35 na 61.

Petro ndiye anayeipeleka Isaya 53 msalabani: "kwa kupigwa kwake mliponywa" (1 Petro 2:24). Lakini soma kuanzia mstari wa 18. Anasema na watumwa wanaopigwa na mabwana wakali, na kuponywa anakokutaja ni kwa kondoo waliopotea na kurudi kwa Mchungaji. Hazungumzii homa.

Wako ndugu, hasa Wapentekoste wengi, wanaoamini kwamba uponyaji wa mwili umo ndani ya kazi ya msalaba. Mimi nakubaliana nao kwa sehemu kubwa, kwa kuwa ufufuo wa mwili nao unatoka huko huko. Ninapoachana nao ni wanapodai kila mgonjwa apone leo, na asipopona alaumiwe. Paulo alimwacha mwenzake Trofimo katika mji wa Mileto akiwa mgonjwa, na wala hakumkemea kwa kukosa imani. Na wale wa jioni ile Kapernaumu, Mathayo haandiki kwamba kuna aliyepimwa imani kwanza.

Mama asibebeshwe lawama juu ya ugonjwa. Waiteni wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta, kama Yakobo 5:14 inavyoelekeza. Dawa aendelee nazo. Hezekia yule niliyemtaja alikuwa ameahidiwa na Mungu kuongezewa miaka 15, na bado Isaya, nabii huyu huyu tunayemsoma, aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake.