Nirvana ipi hiyo?

SWALI: Mhariri, nimenunua santuri ya Nirvana iliyoandikwa 1967. Muziki ni laini, una fidla tele, wala mwimbaji wao Kurt Cobain hasikiki. Nimeuziwa feki? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana ndugu msomaji, hujapigwa. Hiyo ni bendi ya Nirvana ya London, ya Patrick Campbell-Lyons na Alex Spyropoulos, waliorekodi na kampuni ya Island. Ya Cobain ilianza Marekani mwaka 1987, na albamu yake ya kwanza ilitolewa na kampuni ya Sub Pop mwaka 1989. Wale wa London walifungua kesi, wakamalizana nje ya korti, kila upande ukabaki na jina. Bendi ya Suede ya Uingereza haikubahatika hivyo: Marekani imebidi ijiite The London Suede.

Ukinunua, jina liache kwanza. Soma karatasi ya katikati ya santuri: kampuni, watunzi, mwaka kama upo. Kwenye programu za muziki, nyimbo huchanganyika msambazaji anapotuma jina tupu bila kitambulisho cha msanii. Namba ya ISRC, ile ya herufi na tarakimu jumla 12, haitakufaa hapo kwa kuwa inatambulisha rekodi, si msanii. Inayotofautisha wasanii ni namba ya ISNI, yenye tarakimu 16.